Jinsi ya Kurusha Roho Kabla ya Kurusha Watu

Hongera, mkurugenzi wa bustani ya burudani. Umenunua rolakosta mpya kwa mamilioni ya dola. Sasa nyamaza. Mshamba tu ndiye hununua kitu cha bei hiyo akakitangaza siku hiyohiyo. Kazi yako tangu leo ni kuwarusha roho mashabiki, watu wazima wenye kazi na familia, walio tayari kukesha wakikuza picha ya kifusi.

Anza kwa kumuua mzee wa hapo. Cedar Point, kule Sandusky, Ohio, waliifunga Mean Streak, rolakosta yao ya mbao ya mwaka 1991, mwezi Septemba 2016. Ajabu ni kwamba marehemu hakuzikwa. Mafundi walipanda juu yake wakatandika reli za chuma, mchana kweupe, mwenye macho akiona, na uongozi umekaa kimya utadhani hausikii nyundo. Kisha vikatoka vivideo vya mafumbo. Rolakosta hiyo mpya, Steel Vengeance, ilipotangazwa Agosti 2017, watu waliokuwa wakiitazama ikiota miezi na miezi walishangilia kana kwamba imeshuka jana usiku. Umeona ufundi huo? Kitu chenyewe kiache wazi, ufiche jina tu.

Jina la bandia nalo litafutie uzito. Alton Towers ya Uingereza husema "Silaha ya Siri" na kuipa namba: ya saba ikawa The Smiler mwaka 2013, ya nane Wicker Man mwaka 2018. Ni silaha ya siri ambayo michoro yake hupelekwa halmashauri ili jirani yeyote aisome na kuipinga! Thorpe Park nao walikuwa na "Mradi Exodus". Halmashauri ya Runnymede ilishapokea michoro yake muda mrefu kabla watu hawajasikia jina la rolakosta yenyewe, Hyperia. Marekani nako, ukijenga zaidi ya futi 200 lazima uijulishe mamlaka ya usafiri wa anga, maana rubani hapendi kushtukizwa. Shabiki atazisoma nyaraka hizo kwa makini kuliko mkataba wake wa nyumba. Mwache. Anachofukua anakitangaza mwenyewe, bure.

Reli pia zitakuumbua. Za kampuni ya rolakosta ya B&M hutengenezwa kiwandani Batavia, Ohio, na wako watu wanaopita hapo kuchungulia zimepakwa rangi gani. Ukiulizwa, sema bustani yako inapenda rangi zote. Usikane, kesho utaitwa mwongo. Usikubali, utaua mchezo. Bandika mtandaoni kikatuni cha macho mawili bila neno lolote, ukalale. Asubuhi utakuta wameshahesabu kope.

Ila chunga kipimo. Cedar Point haohao waliistaafisha rolakosta yao Top Thrill Dragster mwaka 2022 na kuwaachia watu hamu ya kitakachofuata. Mrithi wake, Top Thrill 2, ikafunguliwa Mei 2024, ikabeba abiria siku chache, ikafungwa ili mabehewa yarekebishwe, na msimu ukaishia hapo. Kwa hiyo dokeza urefu, dokeza kasi, dokeza hata rangi ya viti. Habari ya lini itafanya kazi, hiyo ndiyo uifiche kweli.