Hewa Ukaa Ipungue, Lakini Tusiharakishe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, waheshimiwa wajumbe, wadau wa maendeleo, na wewe uliyekuja kwa ajili ya chai: itifaki imezingatiwa.

Kabla sijaanza naomba mnitambue. Mimi ni Bingwa Mwandamizi wa Tabianchi, cheo nilichojitunuku mwenyewe baada ya kukosekana mtu mwenye sifa za kunitunuku. Mwaka 1896 Msweden mmoja, Svante Arrhenius, alikaa na kalamu na karatasi akakokotoa kwamba hewa ukaa ikiongezeka angani, dunia itapata joto. Kazi nzuri kwa zama zake. Lakini Arrhenius hakuwahi kuendesha warsha, wala hakuna ushahidi kwamba alivaa beji shingoni. Zangu zimejaa droo.

Mada yangu leo ni Sera za Kupunguza Gesijoto na Namna ya Kujikinga Nazo.

Elimu yangu yote inasimama juu ya kanuni moja: sera bora ni ile itakayoanza kuuma nikiwa nimestaafu. Ndiyo maana naupenda mwaka 2050. Ukiahidi jambo la 2050 unapigiwa makofi leo, na siku ya hesabu mpiga makofi na mpigiwa wote hawapo. Sera mbaya ni ile yenye tarehe ya mwaka huu wa fedha.

Tazameni Waingereza walivyojiponza. London ilianza kuuza umeme wa makaa ya mawe mwaka 1882. Mwaka 2012 makaa hayo yalikuwa bado yanatoa takribani asilimia 40 ya umeme wa nchi. Mwaka uliofuata wakaongeza kodi kwenye kaboni itokanayo na uzalishaji wa umeme, huku wakisimika mitambo ya upepo baharini, na Septemba 2024 kituo chao cha mwisho, Ratcliffe-on-Soar, kikazimwa. Miaka 12 tu! Hata muda wa kuunda kamati ndogo ya istilahi haukupatikana. Nawauliza mabingwa wenzangu: tatizo likiisha, sisi tutakula wapi?

Sweden ndiyo balaa zaidi. Wanatoza kodi ya kaboni tangu 1991, moshi wao umeshuka kwa zaidi ya robo, na uchumi umeendelea kukua. Hili la uchumi kukua linanikera, kwa sababu nina slaidi inayosema haiwezekani. Nimetafakari kwa kina, nikaamua slaidi ibaki.

Umoja wa Ulaya, kwa upande wake, ulianza vizuri. Mwaka 2005 ulifungua soko la vibali vya kutoa hewa ukaa, na awamu ya kwanza ilinikosha sana: vibali viligawiwa bure, tena vingi kuliko moshi wenyewe, hadi mwaka 2007 bei ikakaribia sifuri. Soko lenye maofisa, kanuni na bidhaa isiyo na bei! Kisha wakaja wakorofi wakapunguza vibali, na moshi wa mitambo na viwanda vilivyomo humo umeshuka kwa karibu nusu. Siku hizi silitaji soko hilo katika semina zangu.

Wenye adabu ni wale wa mikutano mikubwa ya tabianchi. Walianza Berlin mwaka 1995. Wito wa kupunguza makaa ya mawe ulingoja hadi Glasgow, 2021. Wito wa kuhama kutoka mafuta, gesi na makaa kwa jumla ukangoja hadi Dubai, 2023, chini ya mwenyekiti ambaye pia ni mkuu wa kampuni ya mafuta ya Abu Dhabi. Ni sawa na kamati ya kupambana na ulevi kukaa miaka 28 kabla ya kumwomba mtu apunguze chupa. Wapo wanaokasirika. Mimi naona nidhamu.

Nidhamu hiyo hiyo niliiona Pittsburgh mwaka 2009, viongozi wa G20 walipoahidi kuondoa ruzuku za mafuta ya kisukuku zisizo na tija. Mwaka 2022 ruzuku za nishati hiyo duniani zilivuka dola trilioni 1. Washamba walishangaa. Kwani ni nchi gani imewahi kukiri kwamba ruzuku yake haina tija? Na zile dola bilioni 100 kwa mwaka ambazo nchi tajiri ziliahidi huko Copenhagen kuzitoa ifikapo 2020 zilitimia 2022. Acheni kulalamika, kuna posho yangu imechelewa zaidi ya hapo.

Sasa tuje nyumbani. Afrika ina zaidi ya mtu mmoja kati ya kila watu sita duniani, na inachangia takribani asilimia 4 ya hewa ukaa. Mtu asiye na elimu yangu angesema bili iende kwa mwenye moshi mwingi. Viongozi wetu walikaribia kosa hilo Septemba 2023, walipotaka katika Azimio la Nairobi kodi ya kaboni ya dunia nzima, iguse biashara ya mafuta, meli na ndege. Ndege! Nilikisoma kipengele hicho nikiwa kiti cha dirishani, juu ya mawingu, nikahisi nimesalitiwa na bara langu.

Mimi nimemkamata mhalifu wa karibu zaidi: mama anayekaanga maandazi kwa jiko la mkaa. Hana wakili, hana ujumbe Geneva, na moshi wake unaonekana kwa macho, tofauti na wa shangingi langu, ambao hutoka kwa heshima upande wa nyuma. Sikatai, mkaa unamaliza misitu, na moshi wake humchoma mapafu yeye kabla ya mtu mwingine. Lakini dawa yangu ni ya kitaalamu: hafla. Turubai, ngoma, mtungi mdogo wa gesi uliojaa, picha. Gesi ikiisha akauliza bei ya kujaza tena, mwelekezeni kwa watu wa uchumi. Wapo walioniletea wazo kwamba gesi iuzwe kwa mita, alipie ya maandazi ya leo tu, kwani hata mkaa hununua wa kopo. Nimelichunguza wazo hilo, nikagundua linaweza kufanya kazi bila mgeni rasmi. Nimelikataa.

Azimio langu ni fupi. Tuunde kikosi kazi cha kupitia rasimu ya hadidu za rejea za mkakati wa kupunguza hewa ukaa. Kikosi kikutane ufukweni. Bahari inapanda, ni vyema tuuwahi.

Naona mkono nyuma kule, dada aliyevaa koti kwa sababu ya kiyoyozi. Anauliza kwa nini tusikizime tufungue madirisha. Dada yangu, hilo ni suala la utekelezaji, nasi hapa tuko ngazi ya sera.

Naomba kutoa hoja. Wanaoafiki waseme ndiyo. Wasioafiki? Sisikii, jenereta ina kelele. Waliosema ndiyo wameshinda.