Kisiwa cha Ghorofa ya Nne

Katika ploti yetu hapa Umoja, Nairobi, ukiingia nyumba moja umeingia zote: makochi ya kahawia yaliyovishwa vitambaa vya kufuma, televisheni juu ya kabati, kalenda ya kanisa ukutani. Mimi mtu wa kisiwa cha Rusinga, kule ziwani, nikasema hapana. Kwetu pambo sharti liwe na neno. Mashua za kisiwani hupakwa rangi na kuandikwa ubavuni, na kaburi la Tom Mboya pale Kasawanga lina umbo la risasi. Sijasikia mgeni akiuliza rangi yake ilinunuliwa wapi.

Nilianza na ubao wa mashua iliyostaafu, wenye maandishi USILIE MUNGU YUPO. Ngazi za ghorofa zikaukataa. Fundi akaukata, na kwa kuwa upande wa Mungu ulikuwa umeoza, kilichobaki juu ya kochi ni USILIE. Landilodi alipokuja kudai kodi alisoma, akanitazama, akasoma tena, kisha akauliza kama nimemwandikia yeye.

Pazia ni wavu wa omena. Aliyeniuzia aliapa kwamba harufu imekwisha. Mvua ikinyesha wavu hulikumbuka ziwa, na paka wa mtaa mzima hupanda hadi mlangoni kwangu, wakaketi kama waumini wanaomsubiri mchungaji.

Halafu karabai. Wavuvi wengi wa omena wamehamia taa za sola, kwa hiyo karabai kuukuu hupatikana kwa bei ya kutupa. Stima ilipopotea nikaitia pampu. Ziwani, usiku usio na mwezi, taa hiyo huvuta wadudu na omena. Hapa Umoja ilivuta wadudu, watoto wenye kazi za shule, na jirani wa chini aliyepanda akipiga kelele "Moto!" na ndoo mkononi. Alinimwagia yote, tena maji ya kununua kwa mtungi, na deni hilo hunikumbusha kila tukikutana kwenye ngazi.

Keateka wa ploti yeye alishindwa na fuvu. Ni nakala ya plasta ya lile la nyani wa kale aitwaye Proconsul, alilochimbua Mary Leakey kisiwani kwetu mwaka 1948.

"Huyu ni nani?"

"Jamaa wa nyumbani. Aliishi miaka kama milioni 18 iliyopita."

Tangu hapo bili ya maji hupitishwa chini ya mlango.

Ndipo shangazi akaja kwa basi la usiku. "Mwanangu, tuliuza ng'ombe usome utoke ziwani, nawe umelihamishia ziwa huku?" Akaupapasa wavu, akaona bado mzima, akaushusha na kuufunga kwenye mfuko: wa kuanikia omena.

Baadaye basi lilileta bunda la vitambaa vya kufuma, vyeupe, vyenye maua. Kimoja kilikuwa kidogo, cha duara. Nikampigia kuuliza ni cha kochi lipi.

"Si cha kochi," akasema. "Ni cha yule jamaa yako wa rafuni. Kichwa chake kinaingia vumbi."