Muulize Shangazi Kibanio

Barua za wiki hii zote zimetoka Kansay. Nimezikung'uta mlangoni kabla ya kuzifungua, maana vumbi jekundu la Karatu halisubiri kualikwa.

*Shikamoo Shangazi. Nimenunua pikapu kuukuu kwa mzee mmoja wa Endabash. Kioo cha mbele kimejaa stika mpaka naendesha kwa kuchungulia: bima za miaka saba, Nenda kwa Usalama za kila rangi, na rodi laisensi ya 2016. Nataka kubandua zote niweke kibanio cha kushikilia karatasi. Mke wangu anasema nikibandua tu, kioo kitamwagika mapajani mwetu, kwa sababu ufa umeanzia chini ya bima. Nifanyeje? — Mchunguliaji.*

Marahaba mwanangu. Mpe mkeo pole, ila stika haijawahi kushikilia kioo. Kioo cha mbele cha magari mengi ni vioo viwili vilivyogandishwa na utando wa plastiki katikati. Huo utando ndio unaozuia vipande visiruke. Ufa ukiwa mbele ya macho yako, dawa yake ni fundi wa vioo, si bima ya zamani.

Hiyo rodi laisensi ibandue kwa heshima, imeshakufa. Juni 2017, Philip Mpango, wakati huo Waziri wa Fedha, alisoma bajeti akaifuta ada ile ya kila mwaka. Haikupotea lakini, ilihamia kwenye mafuta: shilingi 40 zaidi kwa kila lita, ya taa ikiwemo. Kwa hiyo bibi yako mwenye kibatari naye alichangia leseni ya magari, na hajawahi kushika usukani.

Egesha pikapu juani mchana. Weka kitambaa cha maji ya moto juu ya stika dakika kumi, kisha pitisha wembe ukiwa umeulaza. Ukiusimamisha utachora kioo, na wenye kuchungulia mtakuwa wewe na wajukuu. Gundi ikibaki, paka mafuta ya alizeti, subiri, futa. Sasa kibanio: futa mahali pake kwa spiriti kwanza, kwa sababu vumbi likiwahi gundi, hata kibanio kilichopanda ndege kitadondoka kabla hujafika lami. Kigandamize huku ukihesabu hadi thelathini, ukiache kilale usiku mzima bila mzigo. Kiwe kona ya chini kushoto, mbali na macho yako.

*Shangazi, mimi ni dereva wa watalii, nyumbani Kansay. Tulikuwa tunateremka barabara ya Seneto kuingia kreta ya Ngorongoro, kibanio kikaachia, kibali kikateleza chini ya kioo kikazama kwenye tundu la hewa la dashibodi. Nikaanza kukivua kwa kisu cha mkate. Wageni walidhani ni mila yetu, wakapiga picha. Bado kimo. — Mvuvi wa Nchi Kavu.*

Pole baba. Lile tundu nalijua. Miaka niliyouza mapambo ya magari pale stendi ya Karatu nimeona yaliyotolewa mle: sarafu, risiti, jino la bandia, na barua moja ya mapenzi ambayo mwenye gari alisema si yake. Weka kisu chini. Tafuta spoku ya baiskeli, ikunje ncha, izungushie plasta upande wa gundi ukiwa nje, mtu akumulikie tochi. Ingiza polepole, gusa, vuta. Usiwashe feni, itakipeleka kibali mbali zaidi.

Ila nina ugomvi na wewe. Nani alikwambia kibali cha hifadhi kikae kwenye kibanio? Pale lango la Loduare unamkabidhi askari mkononi, na kule Seneto vivyo hivyo. Kibanio ni cha karatasi inayojibu maswali wakati mwenye gari hayupo: umeegesha, umekwenda zako kunywa chai, mlinzi anachungulia na kusoma. Karatasi unayoitolea maelezo mwenyewe ikae mfukoni.

Na hata hao wachunguliaji wanapungua. Mjini mtoza ushuru wa maegesho anaingiza namba ya gari kwenye kimashine chake, deni linakufuata. Trafiki naye anaisaka bima yako kwenye simu. Waingereza, waliokuwa na kikaratasi chao cha duara cha rodi laisensi kiooni tangu 1921, walikifuta tarehe 1 Oktoba 2014, na waliokuwa wanauza vishikizi vyake sijui walikula nini mwezi ule. Mimi nilihamia kwenye manukato ya gari.

*Shangazi, mimi ni bodaboda. Kibanio niweke wapi?*

Pikipiki yako haina kioo, mwanangu. Vaa helmeti.

*Shikamoo Shangazi. Jirani yangu ana Noah. Kwenye kibanio chake ameweka kadi ya maegesho iliyoandikwa MGENI RASMI, aliyopewa kwenye harusi Arusha miaka miwili iliyopita. Tangu hapo, msibani anaegesha mbele, kanisani mbele, hata mnadani vijana wanamsogezea mbuzi apite. Sisi wengine tunaacha magari kwenye mashamba ya mbaazi. Ni halali? — Wa Nyuma Siku Zote.*

Marahaba. Sheria ya maegesho ya misiba sijawahi kuiona, kwa hiyo siwezi kusema kaivunja. Nachojua, watu wetu wakiona herufi kubwa nyuma ya kioo hawasomi, wanasogea. Jirani yako hajadanganya mtu, ameacha kadi iseme na watu wakaitikia.

Fanya hivi. Siku akiegesha, kasome kadi yote, mpaka herufi ndogo za chini. Kadi za harusi huandikwa majina ya maharusi. Kisha uliza Arusha, kwa upole, kama bado wako pamoja. Wakiwa wameachana, mwambie kibali chake kimeisha muda.