Kitufe Chekundu Hakina Shemeji Soni

Msyuuu! Niacheni nisonye kwanza, mengine yatafuata. Kuna gari limeingia mjini kwetu Lushoto. Jipya kwetu; kwa Mjapani aliyeliacha lilishazeeka. Limeshuka bandarini Dar, limepanda kona zote kutoka Mombo, na sasa limeegeshwa stendi mbele ya kijiwe cha kahawa, milango wazi. Mwenye gari anatuonyesha kitufe chekundu kilicho juu, karibu na taa ya ndani, kimeandikwa SOS. Ukipinduka, anasema, gari lenyewe linapiga simu, linataja mahali lilipo, na msaada unakuja.

"Unatokea wapi?" akauliza babu muuza kahawa.

Mwenye gari akaagiza kashata.

Tangu hapo kijiwe hakijatulia. Wapo wanaosema gari lisilo na huduma hizi ni debe tupu. Wapo wanaosema ni ujanja wa makampuni kutukamua kila mwezi. Nimewasikiliza wote, nimekunywa vikombe ambavyo sijalipia, na langu ni hili: tunabishana kuhusu kilichomo ndani ya gari, wakati jambo lenyewe liko nje. Upande wa pili wa simu yuko nani, na ana nini mkononi?

Tuanze na kule huduma hizi zilikotoka. Marekani, General Motors ilianzisha huduma ya OnStar mwaka 1996. Unabonyeza, binadamu anaitika. Eabegi zikifumuka, gari linaita bila kukusubiri. Ulaya wakalitungia sheria: tangu Machi 31, 2018, kila aina mpya ya gari dogo inayoidhinishwa katika Umoja wa Ulaya lazima iwe na mfumo wa eCall. Ukigonga vibaya, mfumo unapiga 112 na kupeleka mahali ulipo, saa ya ajali na upande uliokuwa unaelekea. Hilo la upande si dogo. Kwenye barabara kuu iliyogawanywa kati, ambulensi ikiingilia upande usio wako itakupita ikikuona, na haina pa kukatiza. Nyuma ya kitufe chao, basi, kuna chumba chenye watu wasiolala, kuna ambulensi yenye mafuta, kuna daktari ambaye ameshaamshwa.

Turudi kwa hili la kwetu. Fundi akaingia, akaliwasha. Sauti ya mama wa Kijapani ikaanza. Husema hivi kila likiwashwa: kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. Kadi gani, na barabara gani ya kulipia kati ya Soni na Magamba? Mwenye gari ameshazoea, siku hizi anamwitikia "sawa dada" na kutia gia. Fundi akacheka mpaka akashika usukani. Laini iliyomo humu ni ya Japani, alisema, na wa kuipokea yuko Japani. Hata huko kwenyewe, mtandao wa kizazi cha tatu wa kampuni ya simu ya KDDI ulizimwa Machi 2022, ukaondoka na huduma za G-BOOK za Toyota zilizoutegemea. Mwaka huohuo AT&T ya Marekani nayo ikazima wake, na magari yaliyokuwa bado yanang'aa yakawa bubu. Wapenzi wa mitumba, shikeni hilo: chuma kitadumu miaka 20, huduma itakufa kabla yake. Dalali akikupandishia bei kwa ajili ya kitufe, mwambie akibonyeze mbele yako.

Hapo konda wa Kosta akapata nguvu. "Si nilisema? Huku kwetu msaada ni watu!"

Na kweli. Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, na ndani ya hizo unapanda karibu mita 1,000, ukuta wa mlima mkono mmoja, korongo mkono wa pili, Soni katikati. Lori likizima kwenye kona, dereva hajatafuta hata simu, utingo ameshakata matawi na kuyatandaza mbele na nyuma. Hiyo ndiyo pembetatu yetu. Anayeshuka akiona majani anapunguza mwendo. Akipishana na mwenzake anammulika taa. Na mama anayeuza matunda pale Soni anajua gari la nani limelala wapi kabla trafiki hajavaa kofia. Mfumo huu haudai bando wala haujawahi kuzimwa na kampuni.

Lakini mwalimu mstaafu, ambaye kawaida yake ni kusubiri wote wachoke, akaweka kikombe chini. "Mwanangu, matawi atayakata nani, kama utingo naye amezimia?" Konda akatazama pembeni. "Saa nane usiku, ukungu umefunga Magamba, gari liko peke yake, limetoka barabarani limetumbukia korongoni. Aliyekuona ni nani?"

Hapo na mimi ulimi ukatulia. Huyo ndiye mteja halali wa kitufe: aliyeumia mahali pasipo na jicho, na mdomo haufunguki kuomba. Ujirani wetu una mbio kwa anayeonekana. Asiyeonekana husubiri kupambazuke, na anayevuja damu hana huo muda. Hata kwa anayeonekana, wema wetu una matundu. Tunamvuta majeruhi kwa mkono uleule uliovunjika. Tunamkunja kwenye kiti cha nyuma cha Noah. Tunajazana barabarani bila hata mmoja wa kusimamisha magari. Januari 2025, pale Chang'ombe, Segera, humuhumu mkoani Tanga, watu waliokusanyika kwenye ajali usiku waligongwa na lori, na 11 wakapoteza maisha. Walitoka kusaidia. Ndiyo maana siwezi kusema "msaada ni watu" halafu nikaishia hapo.

Basi vifaa vifungwe? Polepole. Tutazame vilivyokwisha kufungwa. Mabasi ya masafa marefu yana kifaa cha LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, cha kufuatilia mwenendo, kile wanachokiita VTS. Basi likivuka kilomita 80 kwa saa, mamlaka inaona. Kwa maoni yangu, bila macho hayo tusingeona mabasi yakirudishiwa ruhusa ya kusafiri usiku kuanzia Oktoba 1, 2023, baada ya kuzuiwa kwa karibu miaka 30. Nguvu yake inatoka wapi? Upande wa pili yupo mwenye rungu, anayeweza kutoza faini na kusimamisha leseni. Ndiyo maana wapo madereva waliojaribu kukichezea. Hakuna anayehangaika kuchezea kitu kisichouma.

Ila kifaa hicho kinajua mwendo, hakijui tairi. Juni 28, 2025, pale Sabasaba, Same, kwenye barabara hiihii inayopita chini ya milima yetu, basi na Kosta viligongana na kuwaka moto. Hesabu ya kwanza ilikuwa watu 38, kisha ikapanda. Taarifa ya awali ilitaja kupasuka kwa tairi la mbele la basi. Setelaiti haiinami kukagua mpira.

Na muulizeni dereva wa Fuso anayebeba kabichi kutoka Lukozi. Tajiri yuko Dar, amefunga GPS, anatazama kidoti kwenye simu. Dereva anasimama Soni apooze breki, simu inaita: "Umesimama nini hapo?" Tajiri ameona gari limesimama, hajaona moshi unaotoka kwenye gurudumu. Anayeujua mlima anajua kwamba breki ukizikanyaga mfululizo zinachemka, mafuta ya breki yanatoa mapovu, na kanyagio linazama hadi sakafuni bila kushika kitu. Dawa yake ni ya bure: shuka na gia uliyopandia, ukisikia harufu tafuta pa kusimama. Sasa kama dereva anaogopa kusimama kwa sababu ya kidoti, hicho kifaa cha usalama kinampeleka korongoni. Tajiri, kabla ya kufunga GPS, panda wewe mwenyewe kwenye kiti cha tandiboi ushuke na mzigo mara moja.

Halafu gari linalosema halichagui wa kumwambia. Mei 2023 Toyota ilikiri kwamba taarifa za wateja wapatao milioni 2.15 huko Japani, pamoja na mahali magari yao yalipokuwa, ziliachwa wazi kwa karibu miaka 10. Januari 2025 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ikachukua hatua dhidi ya General Motors kwa kuuza taarifa za namna wateja wanavyoendesha, taarifa zilizoishia kutumiwa na watu wa bima. "Kama linakusemea kwa bima," akasema konda, "kwa mkeo litashindwaje?" Waume watatu wakaaga, wana shughuli.

Sasa nisikilizeni. Wakati tunabishania kitufe cha Mjapani, nchi hii ilishatengeneza cha kwake, na hatukukitambua kwa sababu hakimo kwenye dashibodi. Kinaitwa m-mama, namba yake 115. Kilijaribiwa Sengerema na Shinyanga, na Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akakizindua kitaifa. Mjamzito akizidiwa, mhudumu wa afya au ndugu anapiga bure. Mratibu kituoni anauliza maswali yake, anatafuta ambulensi iliyo karibu. Kama haipo, anampigia dereva wa jamii aliyesajiliwa, mwenye gari lake hukohuko, naye hulipwa kwa simu akishamfikisha mgonjwa. Kitochi kinatosha. Kilichobaki ni mtu anayepokea, orodha ya madereva, na uhakika kwamba mafuta yatalipwa. Wazee wa Mtae na Mlalo waliobeba wagonjwa kwa machela kuteremka vilima wanaelewa uzito wa jambo hilo kuliko mimi.

Sasa majeruhi wa ajali amekosa nini hata asiwe na utaratibu wa namna hiyo? Leo akiumia kwenye kona ya Soni tunakumbuka 112 ya polisi, mmoja anakumbuka 114 ya zimamoto, kisha tunamtafuta mwenye Noah na kuanza kujadili nani atalipia mafuta. Damu inatiririka, sisi tuko kwenye bei. Sajilini madereva wa Soni, Magamba, Lukozi na Bumbuli. Wafundisheni kumbeba mtu bila kumvunja mara ya pili. Wapeni vizibao vya kung'aa na walipwe kama wanavyolipwa wa m-mama. Mwaka 2023 serikali ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini. Macho yawe pia kwenye mabonde yetu ambako ukikata kona tu simu inakufa. Hapo kitufe cha kwenye gari kitakuwa na thamani, kwa kuwa kitakuwa na wa kumwita.

Mpaka siku hiyo, hukumu ya kijiwe ni hii, nami nimeitia sahihi. Mwenye basi: funga, usichezee, na ukague tairi kana kwamba kifaa hakipo. Tajiri wa Fuso: funga, ila dereva akisimama kupooza breki, mpigie kumpongeza. Mwenye gari dogo unayepanda mlima usiku peke yako: ukipata kampuni ya hapa nchini yenye mtu wa kupokea na mtu wa kuja, lipia, lakini mjaribu kwanza kwa kumpigia saa nane usiku uone anayeitika yuko macho au ni mashine. Usipoipata, ipo huduma isiyo na ada: ukifika Mombo mpigie ndugu yako, mwambie napanda sasa, saa moja na nusu ikipita hujanisikia, waamshe watu wa Soni. Na kama hela inatosha kitu kimoja tu kati ya kifaa na tairi, nunua tairi, tena nenda na fundi, usije ukauziwa kipara kilichopakwa rangi nyeusi.