Papa Mashauri Anajibu: Nitajie Jina, Nikwambie Wewe ni Nani

Wasomaji wangu wa Uvira, wa Sange, wa Makobola na wa Baraka, nanyi mnaosoma mkiwa mmesimama foleni ya Kavimvira kusubiri mhuri: barua za wiki hii zote zinalilia majina. Mmefika kwa mwenyewe. Mimi sina haja ya kuona uso wa mtu. Nitajie jina lake tu, nitakwambia kama ni wa kukopeshwa.

*Papa Mashauri, jambo. Naitwa Mateso. Nina mchumba wa Kiliba na tunapendana sana, ila mama yake ameapa kwamba hawezi kutoa mahari ili aingize mateso nyumbani. Nifanyeje? Mateso, Mulongwe.*

Binti yangu, kwanza hongera kwa kuniandikia mimi. Huko Mulongwe washauri ni wengi, na majina yao nayajua, na hayanipi imani hata kidogo. Mimi naitwa Mashauri. Sikujipachika. Jina hili nilipewa na baba yangu mwenyewe siku niliyozaliwa, akitoka barazani kwa chifu, na mwenye akili anaona hapo kwamba mtoto alikuwa amekwisha kuandaliwa safu. Wapo wanaosema eti mzee aliniita hivyo kwa sababu siku hiyo alishindwa kesi ya mbuzi, akataka jirani aliyemshinda akumbushwe kila mtoto anapoitwa kula. Hao ni watu wa wivu. Na mbuzi walikuwa wawili.

Sasa wewe. Mama mkwe wako anadhani Mateso ni habari yako, kumbe ni habari ya mama yako: usiku ule alipobebwa kwenda kujifungua mvua inanyesha, mto umekula barabara, mume yuko machimboni, na pengine risasi zinalia mlimani. Wewe ulifika mambo yakiwa yamekwisha haribika. Ndivyo walivyo akina Masumbuko, Machozi, Shida na Tabu wote wa ukanda huu. Na akina Sikujuwa je? Mama hakujua kama ana mimba mpaka mimba ikajitangaza yenyewe. Kosa la mtoto ni lipi hapo?

Ng'ambo ya Ruzizi ndiyo utashangaa. Kwa Warundi utamkuta bwana mzima mwenye tai na mkoba anaitwa Nzikobanyanka, yaani najua kwamba wananichukia. Mtoto wa siku nane atamjuaje anayemchukia? Anayesema ni baba, na wanaoambiwa ni majirani. Barua imepelekwa, mtoto ndiye bahasha. Na hasara ni kwamba majirani wale wamekufa siku nyingi, bahasha bado inatembea mjini inatafuta kazi.

Kama mama mkwe anapenda majina ya kistaarabu, mchukue mpaka pale Ruzizi inapoingia ziwani, amsubiri Gustave. Jina la heshima, hata kasisi angeweza kuwa nalo. Huyo ni mamba. Alipewa jina na Mfaransa aliyekuwa akiishi Burundi, Patrice Faye, ambaye alimfuatilia kwa miaka. Walimkadiria kuwa na urefu wa zaidi ya mita 6, na watu anaosingiziwa au aliowala kweli hawahesabiki kwa vidole. Walimtengenezea mtego wa chuma kama nyumba, wakamtilia chambo hai, akaupita. Wazungu walipotoa filamu ya kutisha juu yake mwaka 2007, hawakuulizana kama jina linafaa. Basi mwambie mama mkwe achague: Mateso anayeosha vyombo, au Gustave.

Wala usidhani ugonjwa huu ni wa Kiliba peke yake. Mwaka 2004 wachumi wawili wa vyuo vikuu vya Marekani, Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan, walichapisha matokeo ya mtego wao: walipeleka maombi ya kazi ya kubuni karibu 5,000 kwa waajiri wa Boston na Chicago, sifa zikiwa zinalingana, wakibadilisha jina tu. Wenye majina ya Kizungu, akina Emily na Greg, walipigiwa simu mara moja na nusu ya akina Lakisha na Jamal. Maombi 5,000! Wangeniandikia mimi ningewajibu kwa pesa ya stempu. Sisi huku tuna barieri. Askari anaanza na kadi ya elekta, ile ya kupigia kura, analitafuna jina polepole, halafu ndiyo anaamua kama wewe ni mwananchi au ni mgeni, na bei inafuata hapo. Kuna watu walizuiwa kwa ajili ya silabi mbili, na wengine hawakurudi nyumbani. Hilo sina dawa yake. Tuendelee.

Dawa yako wewe ninayo. Siku ya kujitambulisha ukweni usiende peke yako. Kodisha Furaha mmoja, Neema mmoja, Riziki mmoja na Baraka wawili. Hawakosekani, ukirusha jiwe Uvira litampata Baraka. Waingie kwa mstari, na kila mmoja ajitaje kwa sauti pale mlangoni. Mama mkwe atakuwa amepokea furaha, neema, riziki, na baraka mara mbili, kabla hajakaa vizuri kwenye kiti. Wewe ingia mwisho ukiwa na gunia la ndagala kavu kichwani. Sijaona bado mama mkwe wa bonde la Ruzizi anayemuuliza jina mtu mwenye ndagala kichwani. Akiuliza, na wewe muulize lake. Kwa rika lile nakuhakikishia ni Machozi.

*Mzee, naitwa Minani, wa Sange. Kila msichana nikimtajia jina anahesabu kimoyomoyo. Wanajua Minani ni mtoto wa nane, wanaligawa shamba la baba mafungu manane, kisha hawapokei tena simu. Nisaidie. Minani.*

Minani, walimu wa hesabu wa Sange wapewe nishani. Lakini shukuru: ungekuwa Nyabenda ungekuwa wa tisa, na Bucumi, wa kumi, huyo hata kivuli cha mgomba hakimfikii.

Jina la namba halijamzuia mtu kuvuma. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 1965 waliondoka Kigoma watu wachache kwa boti, wakashukia Kibamba upande wa Fizi. Miongoni mwao alikuwamo Ernesto Che Guevara, mtu aliyekuwa waziri wa viwanda wa Kuba, yule mwenye ndevu ambaye siku hizi amebaki kwenye fulana. Alikuwa amekuja kuwasaidia waasi, na hakutaka ajulikane. Wakafungua kamusi ya Kiswahili, wakaanza kuhesabu: Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, na kamanda mwenyewe akawa Tatu. Tatu! Mama yeyote wa Kigoma angemwambia kwamba Tatu ni binti, na kwamba dada zake wawili wanamsubiri kisimani. Baadaye wakafika wengine. Emilio Aragonés, kwa ule mwili wake, wakamwita Tembo. Óscar Fernández Mell, kwa ile tabia yake, wakamwita Siki. Yaani wageni waliokaa kwetu muda mfupi walikuwa wamekwisha kujua kumpa mtu jina linalomkaa. Tarehe 21 Novemba mwaka uleule Tatu alirudi ng'ambo na watu wake, vita imewashinda. Vitabu vinataja sababu nyingi: silaha, wakubwa wasiofika mstari wa mbele, wapiganaji waliotegemea dawa ya kuzuia risasi. Mimi nasema angejiita Kumi. Bahati mbaya wakati ule nilikuwa bado natambaa na hakuna aliyeniuliza.

Ndugu yangu, dawa ni hii. Usiikane namba yako, ila badilisha mgawanyo. Msichana akianza kuhesabu, mkatishe: mwambie saba waliotangulia walivuka zamani kwenda Nyarugusu, ile kambi ya Kasulu iliyofunguliwa mwaka 1996, na kutoka pale wakapandishwa ndege kwenda Marekani. Shamba limebaki la mtu mmoja. Tena wanatuma pesa. Utaona anavyogawanya upya. Na akitaka ushahidi, akakuuliza mbona hao ndugu saba wa Marekani kila mmoja ana jina lake, mwambie ndilo swali lililowatoa jasho hata kwenye mahojiano, maana kule wanatafuta jina la ukoo, na kwetu baba mmoja anaweza kuwa na watoto saba wenye majina saba: huyu kachukua la babu, huyu la shangazi, huyu la padri, huyu la siku mvua ilipoezua paa. Ofisa anayetafuta jina la ukoo kwa Wakongo atazeekea mezani.

*Papa, mke wangu amejifungua mvulana. Mimi nataka Mbappé, mke wangu anataka Emmanuel, mjomba wake anataka jina la babu. Nyumba haikaliki. Baba Mpya, Kalundu.*

Baba Mpya, una siku 90 za kwenda komini, eta sivili, kumwandikisha. Hivyo ndivyo sheria ya 2009 ya kulinda mtoto inavyosema, na ukichelewa utapelekwa mahakamani kutafuta hukumu ya kuthibitisha kwamba mtoto anayelia mbele ya hakimu amezaliwa. Kuhusu Mbappé: Sheria ya Familia ya 1987 inataka jina litoke kwenye urithi wa utamaduni wetu, na lisiwe tusi wala la kudhalilisha. Baba yake Mbappé ana asili ya Kamerun. Tungekuwa na ndugu yake hata mmoja wa kunywa naye chai Kalundu ningekutetea.

Ninyi vijana mnachagua majina kama mnachagua viatu kwa sababu hamkumkuta Mobutu. Oktoba 1971 tulilala Kongo, tukaamka Zaire. Mwaka uliofuata Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga, na sisi tukaamriwa tuyatupe majina ya ubatizo. Kardinali Malula wa Kinshasa alipopinga, alilazimika kwenda kukaa Roma. Akina Jean na Marie wakaishi kwa kujificha: mchana jina la serikali, Jumapili la kanisa, tena kwa kunong'ona. Pengo hilo likazibwa na postinomu, jina la nyongeza la kienyeji, ambalo mpaka leo liko kwenye kila fomu yetu na linawaumiza vichwa mabalozi. Mimi nilikuwa shuleni. Nilijitungia jina refu kuliko la rais. Mwalimu alianza kuliandika ubaoni, chaki ikaisha, akanisihi nirudi kuwa Mashauri kwa faida ya bajeti ya taifa. Kufuli lilipofunguka mwaka 1990, majina ya Kifaransa yalirudi kwa kasi, yamekuja na jamaa zao wote: Innocent, Pacifique, Dieumerci. Mimi sijakutana bado na Pacifique asiyepigana.

Ukitaka jina fupi na lenye nguvu, uliza maboti. Mwaka 1915 Waingereza walitaka kuwafukuza Wajerumani kwenye ziwa letu, wakaleta maboti mawili madogo. Mkubwa wao, Spicer-Simson, aliomba yaitwe Paka na Mbwa. London wakakataa. Akayabatiza Mimi na Toutou, ambayo kwa Kifaransa cha kubembelezea watoto ni paka na mbwa walewale, na London hawakugundua. Yakasafirishwa kwa meli mpaka Afrika Kusini, yakaja kwa reli, yakaburutwa porini kwa mashine za mvuke na ng'ombe, hatimaye yakafika Kalemie. Tarehe 26 Desemba yakaikamata Kingani ya Wajerumani kabla haijapoa chai ya asubuhi. Hebu fikiria mvuvi wa siku ile anauliza ng'ambo nani ameiteka meli ya Mjerumani, anajibiwa: Mimi. Nimeliwaza jina hilo kwa miaka na sijaona lililo bora. Nilipendekeza hata safu hii iitwe hivyo, mhariri akasema inaitwa hivyo tayari, ila haijaandikwa tu.

Huyo mhariri sasa anagonga meza, nafasi imekwisha. Mpe mtoto jina la babu. Mjomba atatulia, mama yake atamwita Emmanuel jikoni hata mkiapa, na wewe utamwita Mbappé uwanjani mpaka akose penalti ya kwanza. Kama babu naye aliitwa Masumbuko na mnaogopa, langu lipo, nalikodisha: mikeke sita, wale samaki wa ziwani, mibichi, iletwe kabla jua halijawa kali, na asitumwe mtu anayeitwa Pacifique.