Mto Wenye Zipu

Wino ni mwekundu na mwandiko ni mzuri, jambo linaloniuma zaidi. "Mzazi, mtoto amekuja na mto darasani. Tafadhali mnunulie begi." Maneno hayo yameandikwa juzi kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la Hisabati. Yatakaa humo hadi daftari liishe, na kila atakayelifungua kusahihisha hesabu za kuzidisha ataanza na mimi.

Lile si mto. Ni begi la jinzi, lina bitana ya kitenge, mfuko wa mbele, zipu ya chuma na mikanda miwili ya mgongoni. Mikanda ipo! Nimeikata kwa mkono wangu, nimeikunja, nimeipitisha cherehani kila ukingo. Ila iko ndani.

Watu wanaonunua mabegi dukani hawajui kwamba begi hushonwa kinyumenyume. Unalaza kitambaa juu ya kitambaa, uso kwa uso, migongo ikiwa nje, kisha unashona pembeni huku ukiwa huoni kabisa kitu unachokitengeneza. Unachokiona ni matumbo yake. Ukishamaliza kuzunguka, unapenyeza mkono kwenye mdomo wa zipu, unashika kona ya mbali kabisa na kuivuta. Hapo ndipo begi linapozaliwa: kilichokuwa nje kinazama ndani, kilichokuwa ndani kinatoka nje. Kwa hiyo anayetaka mikanda ikae nje lazima kwanza aifiche ndani, aibane katikati ya vitambaa viwili, ncha tu zichungulie ukingoni. Mwenye akili timamu hawezi kukubali jambo hilo. Mwenye akili timamu anasema mkanda ni kitu cha nje, basi ukae nje. Na akili zangu usiku ule zilikuwa timamu kabisa, umeme umekatika, tochi ya simu nimeibana kwa kidevu, shule inafunguliwa kesho yake asubuhi.

Nilipovuta ile kona, majogoo walikuwa wameshaanza kuwika. Kikatoka kitu kinene, laini, kimefungwa pande zote, kina zipu juu. Ukikitikisa, mikanda inacheza tumboni.

Binti yangu wa darasa la tatu alisimama akakitazama, kikombe cha uji mkononi.

"Mama, nalibeba wapi?"

"Likumbatie. Ndiyo yanavyobebwa siku hizi."

Alilikumbatia mpaka kituoni. Kwenye daladala konda alipomwona akapaza sauti, "Jamani mpisheni huyo mtoto, ana usingizi, amekuja na mto kabisa!" Abiria wakacheka, kijana mmoja akampisha kiti. Hilo nimesimuliwa na binti mwenyewe kwa furaha, maana hajawahi kupishwa kiti tangu aanze shule. Huko shuleni alichelewa kutoa madaftari kwa sababu kila akiingiza mkono alikuwa akishika mkanda. Akarudi nyumbani na vitabu kwenye mfuko wa salfeti, begi limekunjwa juu yake, na ule ujumbe.

Jioni nilivuka barabara kwenda kwa fundi anayeshonea kibarazani mwa duka la mkabala. Ni kijana mwenye adabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Akalipokea, akaliminyaminya taratibu kwa nje kama mkunga, akaipata mikanda yote miwili mahali ilipolala. Hakucheka. Aliinama kutafuta wembe kwenye droo, akakaa huko chini muda mrefu kuliko unavyohitaji kutafuta wembe.

"Mama, hii jinzi umeishonea sindano namba ngapi?"

"Kumi na nne."

"Ya gauni hiyo. Hapa kwenye mikunjo weka kumi na sita, au kumi na nane. Zimevunjika ngapi?"

Nikaangalia magari.

Namna alivyofumua ndiyo iliyonifanya nisahau aibu kwa muda. Alikata uzi kwa wembe upande mmoja tu, akiruka mishono michache kila mara, halafu akageuza upande wa pili, akashika ncha na kuvuta. Uzi wote wa upande ule ukatoka mzima, mrefu, kama haujawahi kushona kitu. Nikamuuliza inakuwaje. Akasema, "Nyuzi ni mbili mama, hazijafungana, zimeshikana tu." Jibu hilo lilinitosha kwa hatua chache. Nilipofika nyumbani nikalala chali chini ya cherehani.

Sindano ya mkono ina tundu mkiani, nayo inapita yote upande wa pili na kurudi. Ya cherehani haipiti hata siku moja. Tundu lake liko karibu na ncha, na ndilo jambo lililomsumbua Elias Howe wa Marekani mpaka akapata hataza mwaka 1846. Sindano inashuka na uzi hadi chini ya kitambaa, na ikianza kupanda, uzi unabaki nyuma kidogo, unajikunja, unafanya kitanzi kidogo ubavuni mwa sindano. Kitanzi hicho kinaishi muda mfupi mno. Kabla hakijafa, ndoano inapita, inakidaka, inakitanua na kukivusha juu ya kasha la bobini, hivi kwamba uzi wote wa chini, pamoja na nyumba yake, unapita katikati ya kitanzi! Kisha kile kijiti cha mbele kinachopandapanda kinavuta uzi juu na kukaza. Uzi wa juu umeukumbatia wa chini, na zikikazwa sawasawa zinakutana katikati ya unene wa kitambaa, pasipoonekana. Nilitoa kibati cha kufunika bobini, nikawa nazungusha gurudumu kwa mkono, polepole, nikisubiri kitanzi kidakwe. Kikidakwa, narudia. Maharage jikoni yakaungua. Nilisikia harufu, nikasema kimoja tu cha mwisho.

Isaac Singer, ambaye jina lake liko kwenye vyerehani vingi vya bibi zetu, alipata hataza yake mwaka 1851, na Howe akampeleka mahakamani mpaka Singer akamlipa. Kabla yao wote, Mfaransa Barthélemy Thimonnier alikuwa na mashine zake Paris, zikishona sare za jeshi, na mwaka 1831 mafundi wa mkono wakamvamia wakazivunjavunja kwa kuhofia mkate wao. Nawaelewa. Mimi usiku ule nisingehitaji hata hoja ya mkate.

Kwa ile mikanda, fundi alinionyesha kitu ambacho sasa nakitazama kwenye kila mgongo wa mtoto ninayepishana naye. Ncha ya mkanda haishonwi mstari mmoja. Inakunjwa, inalazwa juu ya kipande cha kuongeza nguvu, inashonwa mraba, kisha ndani ya mraba unapigwa msalaba kutoka kona hadi kona. Mvuto unagawanyika kwenye mishono yote. Mstari mmoja ukivutwa, mshono wa pembeni ndio unaobeba kila kitu. Ukikatika huo, wa pili unaurithi mzigo wote, na hivyo hivyo hadi mwisho. Sasa nenda sokoni Januari ukageuze mabegi ya watoto. Mbele kuna katuni inang'aa, magari, malkia wa barafu. Mkanda umechomekwa kwenye ukingo, mstari mmoja, uzi mwembamba. Mwezi wa tatu unaning'inia. Anayeuza anajua, na anayenunua anajua, lakini mtoto amekwisha kuona katuni.

Hata hivyo nimeacha kuwalaumu wauzaji peke yao. Nimeyapima kwa mkono mambo yanayoingia kwenye begi la darasa la tatu. Daftari la kila somo, na mengine yameagizwa yawe kaunta buku zenye jalada gumu. Chupa ya maji. Chakula. Zamu ikifika, ufagio wa chelewa unachomekwa pembeni na kutoka nje ya zipu. Shuleni hakuna pa kuacha hata kalamu, kwa hiyo masomo yote yanaenda na kurudi kila siku kwenye mabega ya mtoto ambaye mimi mwenyewe bado naweza kumbeba. Elimumsingi bila malipo ilianza Januari 2016, nikashukuru na bado nashukuru. Michango ya lazima ikaondoka, orodha ya vifaa ikabaki, na kila kilichomo kwenye orodha kina uzito. Kalamu nyekundu ikapata nafasi ya kuniandikia habari za mto. Sijawahi kuona imeandika chochote juu ya mzigo.

Na kwa kuwa nimeshakasirika, niseme na hili. Nilifundishwa kushona shuleni. Somo la sayansikimu, tuliulizwa tutaje aina za mishono, nikazitaja zote, nikawekewa vema. Sindano haikuingia darasani hata siku moja. Cherehani ilichorwa ubaoni kwa chaki, pamoja na mishale ya kuonyesha sehemu zake, na mtoto wa mwalimu mkuu ndiye aliyeruhusiwa kuifuta.

Begi sasa lina mikanda nje, mraba na msalaba, kazi ya fundi. Mfuko wa mbele ni wangu na umebaki kama ulivyokuwa, ingawa umeelekea mgongoni.

Kibegi cha kalamu nilikishona zipu ikiwa imefungwa, kwa hiyo hakina njia ya kugeuzwa, na kichwa cha zipu kimo ndani.

Kifuko cha chupa ya maji kimetoka vizuri sana. Chupa haiingii.

Mfuko wa chakula uko kwa fundi.

Wifi yangu alikuja jana, akaliona lile begi limening'inia mlangoni, akaligeuzageuza, akavuta mikanda kwa nguvu zote. Akaniomba niwashonee mapacha wake mabegi mawili. Nimemwambia nina kazi za watu mpaka Juni.