Bado Mmoja

Mimi ni mtu wa Mombasa, na nilikuwa na hakika kwamba mwenye Kiswahili chake hawezi kuwa mgeni Masasi, kusini mwa Tanzania. Hakika hiyo ilinifikisha stendi, ikaishia hapo.

"Kaka, Newala? Bado mmoja tuondoke!"

Nikachungulia ndani ya Hiace: imejaa, nafasi moja tu. Nikaruka ndani mbio mbio. Nilipoketi tu, wanaume wanne wakashuka, wakaenda zao kunywa kahawa. Kumbe ni wapiga debe, wamepangwa vitini kama vinyago vya Kimakonde mbele ya duka, mteja aingie. Tulikaa pale zaidi ya saa mbili.

Konda akapita na nauli. "Buku tano, kaka." Kwetu buku ni daftari. Nikamjibu kwa upole kwamba sina hata moja, mimi si mwalimu. Gari zima likacheka kwanza. Ndipo nikaelezwa kwamba buku ni shilingi elfu moja.

Halafu mimi nimelelewa na sheria za Michuki, aliyekuwa waziri wetu Kenya, zilizoanza kutumika mwaka 2004: matatu ibebe abiria 14, kila mmoja na mkanda wake. Hapa tuliambiwa tukae wanne wanne kwenye kiti cha watu watatu. Wa nne nilikuwa mimi: paja moja kitini, jingine hewani. Mazoea hayana dawa, nikapapasa kutafuta mkanda. Nikaupata, nikauvuta kwa nguvu. Ukapiga kelele. Ilikuwa kamba ya mguu wa jogoo aliyelala chini ya kiti.

"Mwanangu," akasema mama mwenye jogoo, "huyo hauzwi."

Gari likaacha vilima vya mawe vya Masasi, likaanza kupanda uwanda wa juu. Mwaka 1906 mtafiti wa Kijerumani, Karl Weule, alipita pande hizi na msururu wa wapagazi. Yeye alibebewa. Mimi nilipakatishwa kifurushi cha korosho, na juu yake mtoto nisiyemjua, ambaye alisinzia begani pangu kwa imani kubwa na mate mengi.

Newala nikapanda bodaboda, nikamwomba kijana anipeleke penye mandhari nzuri. "Shimo la Mungu," akasema, akawasha pikipiki. Kofia ngumu hakuna. Nilijua kwamba ni ukingo wa uwanda huo wa juu tu, mahali pa kutazamia bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Hata hivyo nikamuuliza kama abiria wake hurudi.

"Wengi," akajibu.

Kesho yake nilikuwa wa kwanza kwenye gari la Masasi, mimi na wanaume wanne wasio na mzigo hata wa mkononi. Nimeshawajua. Saa nzima ikapita. Hatimaye akaja kijana na begi lake, jasho linamtoka, akaingiza kichwa dirishani.

"Shikamoo. Eti hii inaondoka saa ngapi?"

Nikajisogeza kumpa nafasi.

"Marahaba. Bado mmoja tu."